Mkandarasi Mdogo wa Kigoma na Fedha za Muda Mfupi: Akope au Asubiri Hati ya Malipo?

Mkandarasi wa daraja la sita au la saba, yaani madaraja ya chini kabisa ya usajili, aliyedumu kwenye kazi hii miaka mingi mkoani Kigoma hasumbuliwi na mtaji kwa namna inavyomsumbua kijana anayeanza. Usajili wake katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi uko hai, ana tipa iliyochoka lakini inayotembea, ana mashine ya kuchanganyia zege, na ana mafundi wanaomfuata kutoka saiti moja hadi nyingine. Kinachomkaba ni muda. Vibarua wanataka ujira wao kila Jumamosi, dizeli hulipiwa kabla haijaingia kwenye tangi, na kokoto hazishushwi mpaka mwenye lori awe amepokea chake, ilhali mwenye mradi hulipa baada ya kazi kupimwa, hati ya malipo kuandaliwa, mhandisi kuisaini na ofisi ya fedha kuipitisha. Mikataba mingi ya serikali hutoa siku 28 kwa malipo kufanyika baada ya hati kutolewa, na kila aliyewahi kufanya kazi ya halmashauri anajua kwamba siku hizo zinaweza kuzaa miezi.

Swali la kama mkandarasi wa namna hii akope ili kuliziba pengo hilo hujibiwa haraka mno na pande zote mbili. Wapo wazee wa kazi wanaosema mkopo ndio uliowafilisi wenzao, nao hawasemi uongo. Wapo pia wanaosema biashara isiyokopa haikui, nao wana mifano yao. Tatizo la kauli zote mbili ni kwamba zinauzungumzia mkopo kana kwamba ni kitu kimoja, wakati gharama ya shilingi ile ile hubadilika sana kulingana na ilikotoka na, zaidi ya hapo, kulingana na siku ambayo fedha ya mradi itaingia.

Tuanze na gharama ya kusubiri, kwa kuwa wanaopinga mikopo huisahau. Kigoma mvua huanza Oktoba au Novemba na huendelea hadi Aprili au Mei. Mkandarasi mwenye kazi ya makalavati na changarawe katika barabara ya kijiji wilayani Uvinza, akisimama Septemba kwa kukosa dizeli huku akisubiri hati yake ya kwanza ilipwe, hatapoteza wiki tatu tu. Udongo ukishalowa, greda la kukodi halina kazi, tuta lililokwisha kuchongwa linamomonyoka na kudai kurudiwa kwa gharama yake mwenyewe, na fidia ya ucheleweshaji ambayo mkataba unamtaka yeye amlipe mwenye mradi inaanza kuhesabiwa siku hadi siku. Kwa hiyo anayesema "mimi sikopi, nasubiri" naye ana gharama anayoilipa, ila haimjii ikiwa na jina la riba.

Benki ndiyo njia ya bei nafuu zaidi kwa hesabu ya kwenye karatasi. Riba ya Benki Kuu ya Tanzania, ile inayoongoza riba ambazo benki hukopeshana, ilianza kutumika Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5 na kupanda hadi 6 Aprili mwaka huo, lakini riba ambayo mteja wa kawaida huikuta kwenye benki za biashara imekuwa ikizunguka asilimia 15 kwa mwaka, na biashara ndogo mara nyingi hupewa ya juu kuliko hiyo. Hata hivyo kizuizi kikubwa cha mkandarasi wa Kigoma ni dhamana kuliko riba. Nyumba yake ya Gungu au Mwandiga inaweza kuwa na thamani ya kutosha, lakini kama anachomiliki ni karatasi za mauziano zilizopigwa muhuri wa serikali ya mtaa, ofisa wa mikopo atamrudisha akatafute hati miliki ya kiwanja. Akiwa nayo, na nyumba hiyo ndiyo ya familia, sheria inataka ridhaa ya mwenzi wake, sharti ambalo binafsi naliona la haki kabisa, kwa kuwa anayelala chini ya paa hilo ana haki ya kujua limewekwa rehani kwa ajili ya kalavati. Kisha kuna muda wenyewe wa kuomba: uthamini, usajili wa rehani na idhini ya makao makuu vinaweza kuchukua wiki nyingi kiasi kwamba fedha iliyoombwa Agosti inafika mvua zimeshaanza. Ndiyo maana aliyekwisha kuimarika hufaidika zaidi kwa kuandaa ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa benki zaidi ya salio lake, wakati hana shida nayo, akailipia ada ya mwaka na kuiacha ikae, kuliko kukimbilia benki akiwa ameishiwa.

Wasio na subira ya benki huenda kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wenye leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 wasiopokea amana. Fedha hutoka ndani ya siku chache, na kadi ya tipa inaweza kutosha kuwa dhamana. Kikomo cha riba yao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi milioni 40 dhidi ya hati ya milioni 60 ambayo faida yake ni asilimia 10, yaani milioni 6. Kwa riba hiyo analipa milioni 1.4 kila mwezi. Hati ikilipwa baada ya mwezi mmoja, amebaki na faida nzuri, lakini ikichelewa miezi minne ameshalipa milioni 5.6 na kazi nzima imemwachia laki nne. Mkopo huo huo kwa benki inayotoza asilimia 16 kwa mwaka ungemgharimu takribani milioni 2.1 kwa miezi minne, kabla ya ada. Wale wasio na leseni, ambao watu wamewapachika jina la kausha damu, siwaingizi kwenye hesabu hii, kwa sababu hakuna faida ya ujenzi mdogo inayoweza kubeba riba yao.

Njia ambayo wengi hawaiiti mkopo ni ile ya duka la vifaa. Mwenye duka anamjua mkandarasi, anampa saruji na nondo, anaandika kwenye daftari na kusubiri. Tuseme mfuko unauzwa shilingi 20,000 taslimu na 21,500 kwa atakayelipa baadaye. Hiyo ni asilimia 7.5, na mkandarasi akilipa baada ya miezi miwili amekopa kwa asilimia 3.75 kwa mwezi, ghali kuliko mkopeshaji mwenye leseni aliyemkimbia. Lakini pindua mfano huo: hati ikichelewa miezi mitano na mwenye duka asiongeze kitu, gharama inashuka hadi asilimia 1.5 kwa mwezi. Bei ya duka hupandishwa mara moja na kuachwa hapo, riba ya mkopeshaji hutembea kila mwezi. Kwa mwenye mradi anayelipa kwa wakati duka ni ghali, na kwa anayechelewa duka ndilo linalomwokoa mkandarasi, ingawa uvumilivu wa mwenye duka una mwisho, na saruji iliyokwisha kusafirishwa mbali hadi kufika Kigoma ni fedha yake iliyolala.

Kutokana na hesabu hizi, naona mkandarasi aliyeimarika ana sababu ya kukopa kwa riba ya kila mwezi pale tu ambapo hati imeshasainiwa, na kiasi cha mkopo kiwe chini ya hati yenyewe kwa kadiri ya kutosha kubeba ucheleweshaji. Benki kadhaa hukopesha dhidi ya hati za malipo na LPO, yaani hati za kuagiza bidhaa au huduma, za taasisi za umma, na hapo dhamana ni saini ya mhandisi zaidi ya nyumba ya mtu. Atakayenipinga atasema, na ana hoja nzito, kwamba hati inaposainiwa sehemu ngumu imeshapita: fedha ilihitajika wakati wa kuanza, kabla ya kitu chochote kupimika. Jibu la sehemu liko kwenye malipo ya awali ambayo mkataba unaweza kuyaruhusu. Hayo nayo yanadai dhamana ya benki, yaani ahadi ya benki kumlipa mwenye mradi mkandarasi akishindwa, na benki nyingine hutaka fedha taslimu zifungiwe ili kutoa dhamana hiyo, jambo linaloondoa maana yake. Mfuko wa Kusaidia Makandarasi ulio chini ya Bodi uliwekwa kwa shida hiyo hasa, kwani hutoa dhamana za zabuni na za malipo ya awali kwa makandarasi wadogo, na inashangaza kumkuta mtu mwenye usajili wa miaka mingi ambaye hajawahi kujiunga nao. Sehemu nyingine ya jibu ni kuigawa kazi ili ipimike mapema, mathalani kumaliza makalavati mawili kabisa na kuomba yapimwe, badala ya kuwa na makalavati sita yaliyofikia nusu.

Kuna wanaoshauri gharama ya mkopo iingizwe kwenye bei ya zabuni. Kwa hesabu ni sahihi, lakini katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa zabuni za serikali, anayeiweka hushindana na asiyeiweka, na mara nyingi kazi huenda kwa huyo wa pili, ambaye baadaye ndiye anayeonekana kwenye foleni ya mkopeshaji.

Kinachobaki ni kifungu ambacho wengi hukisaini bila kukitumia: riba ambayo mwenye mradi anapaswa kulipa hati inapopita muda wake. Makandarasi hukiogopa kwa hofu ya kuonekana wasumbufu zabuni ijayo ikitoka, na katika mkoa wenye waajiri wachache hofu hiyo si ya kuchekwa. Mimi ningetofautisha kudai riba na kuandika barua. Barua fupi ya siku ya 29, inayotaja namba ya hati, tarehe ya kusainiwa na kifungu cha mkataba, haimlazimishi mtu kudai hata senti. Ila nakala yake yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo mkandarasi ataiweka mezani kwa ofisa wa mikopo anapoomba aongezewe muda wa marejesho.