Kila Kituo na Hesabu Yake

Agosti 2022 tuliketi Nairobi tukifuatilia kura za urais, na kila kituo cha televisheni kilikuwa na hesabu yake. Huku Ruto anaongoza. Ukibadilisha chaneli, Raila yuko mbele! Fomu 34A, zenye matokeo ya kila kituo cha kupigia kura, zilikuwa zikiwekwa wazi kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, ila kila chumba cha habari kilijumlisha kwa mpangilio wake. Mbona hawakutuandikia hilo kwenye skrini, kwa herufi kubwa? Wachambuzi walipiga domo usiku kucha huku majirani wakizozana. Halafu hesabu zikaganda.

Katiba imeweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti. Tulipiga kura tarehe 9, mshindi akatangazwa tarehe 15. Siku zote hizo roho mkononi! Mwaka 2027, enyi vyumba vya habari, tuambieni mmejumlisha fomu za wapi.