Kupima presha na kuondoka

Siku ile tulipima watu 214. Namba naikumbuka kwa sababu ilitangazwa kwenye kipaza sauti mara tatu, na kila ilipotajwa watu walipiga makofi. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, fulana zenye picha ya moyo mwekundu, na mashine sita za kupimia presha. Mimi nilikaa meza ya pili. Nilikuwa mtu wa kujitolea tu, nimefundishwa asubuhi ileile kwa dakika arobaini hivi.

Mchana akaja mama mmoja wa makamo, akakaa, akanyoosha mkono. Mashine ikavuma, ikatulia: 178 kwa 104. Nikangoja kidogo, nikampima tena: 174 kwa 102. Nikamwambia presha yake iko juu sana. Akacheka. "Mbona siumwi popote, mwanangu?" Nikamwandikia zile namba kwenye kikaratasi, nikamsihi aende hospitali. Akakikunja mara nne, akakitia kwenye mkoba. Foleni ilikuwa ndefu. Nikasema, "Anayefuata."

Sijui yaliyompata baada ya hapo, wala hakuna mwenzangu ajuaye, maana hatukuandika jina lake popote, wala namba ya simu. Kwenye ripoti yumo. Ni mmoja wa wale 214.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na watu wanaoita shughuli kama ile "programu ya jamii ya kuzuia magonjwa ya moyo". Ile ilikuwa siku ya kupima. Kwangu mimi, programu huanza pale mtu yuleyule anapokaa kwenye kiti kwa mara ya pili, na aliyempima mara ya kwanza anaijua namba yake ya zamani. Kabla ya hapo tunahesabu vichwa.

Tuanze na kipimo chenyewe, kwa sababu hata hicho tulikifanya vibaya. Presha hupanda na kushuka siku nzima. Ukitembea haraka kuja kwenye turubai inapanda, ukibishana na jirani kwenye foleni inapanda, na hata ukibanwa na mkojo inapanda. Ndiyo maana daktari hamwambii mtu "una presha" kwa kipimo kimoja cha 140 kwa 90, isipokuwa namba ziwe za kutisha. Humpima tena siku nyingine. Mtu anatakiwa akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kupandishana, mkono uwe mezani usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo. Sisi tulifunga juu ya mikono ya mashati, tukiwauliza watu habari za nyumbani huku mashine inapuliza. Mikanda yote ilikuwa ya saizi moja, kwa hiyo mwenye mkono mnene alibanwa, na mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono namba inasoma juu kuliko ukweli. Nina hakika tuliwatia hofu watu ambao hawakuwa na tatizo. Tungewaita wiki iliyofuata tungelijua hilo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni wale ambao tatizo walikuwa nalo kweli.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima wapatao bilioni 1.28 wenye umri kati ya miaka 30 na 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Chukua 100 kati yao, kwa makadirio hayohayo. Takriban 46 hawajui kama wanalo. Waliobaki, 54, wanajua, 42 wanatibiwa, na ni kama 21 tu ambao presha yao imedhibitiwa. Kila mwenye turubai na kipaza sauti anawazungumzia wale 46, na si vibaya, lazima wapatikane. Ila hebu toa 21 kwenye 54. Wanabaki 33 ambao walishapimwa, wakaambiwa, pengine wakapewa na dawa, na bado presha yao iko juu. Watu 33! Hao hawahitaji turubai lingine. Wanajua. Ukiwatafuta wale 46 ukawapata na usiwe na pa kuwapeleka, umewahamisha tu kutoka kundi la wasiojua kwenda kundi la wanaojua na bado wanapata kiharusi.

Kwa nini mtu anajua na asijitibu? Jibu alilitoa yule mama: haumwi. Malaria inakulaza, jino linakukesha, presha haikufanyi chochote mpaka siku inapokufanya kitu kikubwa. Vidonge vinaisha, kuvifuata ni safari na foleni ya nusu siku, na mwili unajisikia uleule ukimeza usimeze. Wengine humeza mwezi mmoja, wakipimwa wakakuta 128 kwa 80 wanasema wamepona, wanaacha. Nimemsikia mzee mmoja akiwashauri wenzake kwa kujiamini kabisa kwamba dawa za presha ni za kumeza siku kichwa kinapouma. Utamlaumu? Aliyempa dawa hakukaa naye hata dakika mbili kumweleza kwamba namba nzuri ni kazi ya kile kidonge, na ukikiacha inarudi ilikokuwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwa vinyozi wa Los Angeles. Daktari Ronald Victor na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye maduka 52 ya vinyozi, kwa wanaume weusi 319 wenye presha ya juu, wateja wa kudumu wa viti hivyo. Wanaume hao waligawanywa makundi mawili kufuatana na duka wanakonyolewa. Kundi moja, kinyozi aliwahimiza wabadili mtindo wa maisha na kwenda kumwona daktari. Kundi la pili, kinyozi aliwahimiza waonane na mfamasia, na mfamasia alikuwa anakuja palepale dukani kwa kinyozi, anapima, anaandika dawa kwa makubaliano na daktari wa mhusika, anafuatilia vipimo vya damu, anaongeza dozi ikibidi. Baada ya miezi sita, kundi la kwanza namba ya juu, ile inayotajwa kwanza, ilishuka kwa wastani wa 9.3. Kundi la pili ilishuka kwa 27.

Soma tena tofauti hiyo. Kinyozi ni yuleyule mwenye kuaminika, kiti ni kilekile, maneno ya kuhimiza yapo pande zote mbili. Kilichoongezwa ni dawa kumfuata mtu alipo, na mtu wa kuirekebisha mpaka namba itii. Na mteja wa kinyozi ana sifa moja ambayo turubai letu halikuwa nayo: nywele zinaota, lazima arudi.

Kuna atakayesema hiyo ni Marekani, wana wafamasia wa kutosha kuwatuma vinyozini. Haya, twende vijijini Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka. Huko watafiti walichukua maeneo 30 na watu 2,645 wenye presha, wakawafundisha wahudumu wa afya ya jamii waliokuwepo tayari, wale wanaojulikana nyumba kwa nyumba, jinsi ya kupima vizuri na kushauri. Wakawa wanawatembelea watu majumbani kila baada ya miezi mitatu, wakiwapeleka kwa daktari wa kituo cha karibu aliyefundishwa pia. Miaka miwili baadaye, namba ya juu ilikuwa imeshuka kwa 5 zaidi kuliko kwenye maeneo ya kulinganisha. Tano ni kidogo ukiitazama kwa mtu mmoja. Kwa kijiji kizima, ni viharusi ambavyo havikutokea. Na walioifanya kazi hiyo ni watu walewale ambao kwenye siku za turubai huwa tunawapa kazi ya kupanga viti.

Wazee nao wanaweza. Ontario, Kanada, mwaka 2006, miji ya ukubwa wa wastani ilipewa mpango wa wiki kumi: watu wa kujitolea, wengi wao wazee wenyewe, walikaa kwenye maduka ya dawa wakiwasaidia wenye umri wa miaka 65 na kuendelea kupima presha na kuzungumzia hatari zao. Kilichonivutia si kupima. Ni kwamba matokeo ya kila mtu yalipelekwa kwa daktari wake na kwa mfamasia wake. Mwaka uliofuata, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo, kiharusi au moyo kushindwa kufanya kazi walipungua kwa asilimia 9 ukilinganisha na miji ambayo haikupewa mpango huo. Wiki kumi tu. Ila kikaratasi hakikuishia kwenye mkoba.

Sasa, nisije nikaonekana mtu wa vidonge tu. Hoja ya kinga ipo, na ina nguvu. Finland, mkoa wa North Karelia, mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaume walikuwa wanakufa kwa magonjwa ya moyo kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa zaidi duniani. Mwaka 1971 wawakilishi wa wananchi wenyewe waliandika kuiomba serikali msaada, na mwaka 1972 mradi ukaanza chini ya daktari kijana, Pekka Puska. Walikwenda kwa chama cha akina mama cha Martha, wakapika pamoja vyakula vilevile vya nyumbani vikiwa na mafuta na chumvi kidogo. Walikwenda kwa viwanda vya maziwa na nyama, kwa walimu, kwa wenye maduka. Vijiji vilishindanishwa nani atashusha kolesteroli zaidi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 vifo vya ugonjwa wa moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 70. Watu huusimulia mradi huu kana kwamba siri yake ilikuwa mapishi. Mimi naona siri yake ilikuwa miaka 25. Tena wauguzi walisajili wenye presha na kuwafuatilia, jambo ambalo huachwa kwenye masimulizi kwa sababu halina picha nzuri.

Na haikufanikiwa kila mahali. Minnesota na majimbo jirani, Marekani, miaka ya 1980, walijaribu mpango mkubwa wa elimu ya moyo kwenye miji mitatu, wakailinganisha na mingine mitatu isiyopewa. Watu wa miji yote sita walizidi kuwa nafuu, waliofundishwa na wasiofundishwa, na tofauti iliyotarajiwa haikuonekana. Zama zenyewe zilikuwa zinabadilika. Ninawaheshimu wale watafiti kwa kuyachapisha matokeo hayo. Sisi tungetangaza idadi ya vipeperushi.

Kuhusu chumvi nitasema kwa kifupi. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Ushauri huo umetolewa mpaka umechoka. Huko vijijini China walichoka kushauri, wakabadili chumvi yenyewe: vijiji 600, watu karibu 21,000, nusu ya vijiji vikapewa chumvi ambayo robo yake si chumvi ya kawaida bali kloridi ya potasiamu. Kwa takriban miaka mitano, viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Mwenye ugonjwa wa figo asiijaribu bila daktari, potasiamu ikizidi ni hatari kwake. Lakini jifunze kitu hapo kuhusu tofauti ya kumhubiria mpishi na kumbadilishia kilichomo kwenye kopo.

Najua pingamizi kubwa: pesa. Mfadhili anataka picha na idadi, na siku moja ya watu 214 inampa vyote viwili. Ufuatiliaji wa mwaka mzima wa watu 30 unampa daftari lililochakaa. Nimekaa kwenye kikao ambapo mtu alisema waziwazi kwamba watu 30 "hawatoshi kwenye ripoti". Sikumjibu siku ile, na najuta.

Siku hizi kikundi chetu kina mashine mbili tu, zenye mikanda ya saizi tatu. Tunakutana kila baada ya wiki mbili, asubuhi, kabla watu hawajatawanyika na shughuli. Turubai hatuna. Kwenye daftari kila mtu ana ukurasa wake: tarehe, namba ya juu, namba ya chini, vidonge vilivyobaki. Hiyo safu ya vidonge ndiyo tunayoitazama kwanza. Mtu aliyepaswa kubakiwa na 14 akileta 25, hatumgombezi, tunamuuliza kilichotokea. Mara nyingi ni kwamba dawa inampelekesha chooni usiku, au inamkohoza, na hakuna aliyemwambia kuwa ipo ya kubadilisha. Muuguzi mmoja anakuja kwa hiari yake, na kwa wale wanaohitaji kubadilishiwa dawa anapiga simu kwa daktari tukiwa palepale.

Tuna watu 37. Mara ya mwisho walikuja 34. Wawili walikuwa wametuma taarifa kwamba wamesafiri. Mmoja hakusema kitu, presha yake ya mwisho ilikuwa 162 kwa 96, na tulipomaliza kufunga mashine mimi na mwenzangu tulikwenda kumgongea mlango.