Nasi campur sio kiporo

Jamani, kuna mtu kaweka picha ya nasi campur ya Bali, ule wali wa Indonesia wenye vitoweo vya kila aina, chini watu wamejazana eti "hicho si kiporo cha jana kimerundikwa?" Imeniuma. Ile sahani wali mweupe uko katikati, pembeni vitu sita saba na kila kimoja kina chungu chake. Sate lilit tu, samaki anapondwa na nazi na viungo, anabandikwa kwenye bua la mchaichai, ndo anachomwa. Lawar, yaani saladi yao ya kunde, mtu kakaa anakatakata kunde mbichi na maganda yake, anakuna nazi, anasaga viungo, halafu hata kulala hailali, jioni imeshaharibika. Kiporo gani hicho?

Ila wanaoniudhi zaidi ni mahoteli. Moja pale Ubud, huko huko Bali, waliniletea kila kitu na kibakuli chake, wali umeshindiliwa kama keki, sambal, kachumbari yao ya pilipili, kijiko kimoja pembeni. Utamu wa nasi campur uko pale vitu vinapogusana, mchuzi wa kuku unaingia kwenye wali, mafuta ya sambal yanateremka mpaka kwenye karanga, tonge hili sio kama lile. Sambal matah yenyewe ni vitunguu vidogo vyekundu vibichi, pilipili, mchaichai, vyote vimekatwa vyembamba kabisa, inakamuliwa ndimu na kumwagiwa mafuta ya nazi ya moto, sasa ukiitenga na wali umebakisha nini? Haya, hotelini pasafi na wageni wengine pilipili hawaiwezi, nakubali. Basi wapunguze pilipili, chakula wakiache kikae pamoja.

Nenda warung, kwa mama ntilie wao. Vyakula viko kwenye kabati la kioo, unaonyesha kwa kidole, anakupakulia juu ya wali, bei ni kulingana na ulichoonyesha. Wa kubeba anakufungia kwenye karatasi ya kahawia, na ukifungua nyumbani michuzi imeshazama kwenye wali, mimi huo ndo naupenda kuliko wote. Kwa Wapadang wa Sumatra utakuta mpaka majani ya muhogo kwa tui, kisamvu hicho hicho ila hakijatwangwa, sisi wa pwani hatuwezi kujifanya wageni.

Kula kwa mkono, na uwahi, wengi wanapika asubuhi na ukifika saa nane sate lilit zimeshakwisha.