Wakuu wakishapanda ndege, karatasi anabaki nayo nani?

Jumamosi ya tarehe 8 Februari 2025 nilikuwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, tumesimamishwa pale Tazara. Ving'ora vikapita, magari meusi yakapita, barabara ikatulia, kisha ukaja msafara mwingine. Mama niliyekaa naye siti moja alikuwa na ndoo ya samaki kutoka Feri, barafu inayeyuka na maji yanatuchuruzikia miguuni. Akamuuliza konda, "Hawa ndio wanaokwenda kumaliza vita ya Kongo?" Konda akajibu ndio hao. Mama akasema, "Basi wapite."

Ikulu siku ile Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, zilikaa kikao kimoja. Ruto wa Kenya na Mnangagwa wa Zimbabwe waliongoza, Rais Samia akiwa mwenyeji. Kagame wa Rwanda alikuwamo ukumbini. Tshisekedi wa Kongo alishiriki kwa njia ya video. Goma, mji mkubwa wa mashariki mwa Kongo, ilikuwa imeangukia mikononi mwa M23, waasi ambao Rwanda inatuhumiwa kuwaunga mkono, wiki mbili tu nyuma, na kati ya wanajeshi wa SADC waliouawa huko walikuwamo wawili wa JWTZ, jeshi letu. Wakuu wakaazimia mapigano yasitishwe mara moja, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku 5, uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe, na michakato ya amani ya Luanda na Nairobi iunganishwe.

Siku kumi hazikuisha, Bukavu, mji mwingine wa mashariki, nao ukachukuliwa na M23.

Kwa hiyo anayesema vikao hivi ni kupoteza fedha na muda wa watu ana hoja, na hoja yake naiheshimu. Jumuiya yetu huamua kwa maafikiano. Anayetuhumiwa kuchochea moto naye ana kiti mezani, na tamko likitoka linakuwa limenyooshwa mpaka halimchomi mtu. Mwezi mmoja baadaye SADC ikaamua kuwarudisha askari wake. Kagame na Tshisekedi wakaja kukutana Doha mwezi Machi, na mkataba kati ya nchi zao ukasainiwa Washington tarehe 27 Juni. Hilo linaniuma. Wakongo wamejaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, pale Kasulu, tangu 1996. Wafanyabiashara wao wanalala nyumba za wageni za Kariakoo wakisubiri mizigo. Halafu suluhu inatafutwa ng'ambo, na wenye kusuluhisha wanayapigia hesabu madini ya Kongo.

Hata hivyo siwezi kusema vikao vifutwe, kwa sababu nchi hii imewahi kuona vikifanya kazi. Buyoya alipopindua serikali ya Burundi Julai 1996, majirani walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Viliwaumiza raia, na wapo waliovilaumu kwa haki kabisa. Lakini vilimweleza aliyeshika bunduki kwamba mpaka una bei. Mwalimu Nyerere akawakalisha chini pande zote, miezi na miaka, mpaka alipofariki Oktoba 1999. Mandela akapokea kijiti na mkataba ukasainiwa Agosti 2000. Waasi wa CNDD-FDD hawakuwamo, wao walikuja kusaini ya kwao hapa Dar, Novemba 2003. Miaka saba! Katika muda wote huo alikuwapo mtu anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake ilikuwa kurudi tena na tena kwa wagombanao.

Na upo mfano wa upande wa pili, ambao Dar hatuuzungumzi vya kutosha. Mkataba wa Arusha kuhusu Rwanda ulisainiwa Agosti 1993. Serikali ya mpito iliyoahidiwa ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Miezi minane baadaye, tarehe 6 Aprili 1994, marais wa kanda walikutana katika jiji hili hili. Jioni Rais Habyarimana wa Rwanda akaondoka, akampa Ntaryamira wa Burundi nafasi kwenye ndege yake, na ndege ikatunguliwa Kigali. Mauaji ya kimbari yakaanza. Ni kweli waliokuwa wakiyaandaa walikuwa na silaha na orodha zao tayari, na sidai kwamba kikao kingewazuia. Ninachosema ni kwamba ile miezi minane ya saini bila utekelezaji iliwapa nafasi.

Ndiyo maana naona mjadala wa kama marais wakutane au wasikutane unatupotezea muda. Wakutane. Ila mwenyeji asiridhike na picha ya pamoja kwenye ngazi za Ikulu. Wasuluhishi wa Kongo walitajwa wiki mbili baada ya kikao cha Dar, viongozi wastaafu Uhuru Kenyatta wa Kenya, Obasanjo wa Nigeria na Hailemariam Desalegn wa Ethiopia, wakati Bukavu ilikwisha kwenda. Walipaswa kutoka na majina hayo siku ile ile, pamoja na hatua atakayochukuliwa atakayevunja azimio. Siku ya sita, Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilipaswa kusimama mbele ya waandishi na kusema nani ametii na nani hajatii, hata kama jirani angenuna. Tanzania ina haki ya kulisema hilo kwa sauti. Tumezika askari wetu kwa ajili ya Kongo.

Tulikaa pale Tazara karibu saa nzima. Daladala ilipoondoka yule mama alifunua ndoo, akabonyeza samaki mmoja kwa kidole, akafunika tena bila kusema kitu.