"Hukuniuliza"

Nilikuwa tayari nimeshika plagi mkononi fundi aliponiambia, "Ngoja kwanza, dada." Akakilaza cherehani ubavu, akapangusa vumbi kwa kidole gumba, akasoma kibati kidogo kilichobandikwa chini yake. 100V. Umeme wetu hapa Uganda ni volti 240. Ningekichomeka, alisema, kingenguruma mara moja tu, halafu tungebaki hapa tunanusa moshi.

Cherehani chenyewe kilitoka Japani, kikakaa Kampala miaka kadhaa, kisha kikalala usiku mzima kwenye buti la basi hadi Arua. Nilikilipia shilingi 350,000 kwa simu, 15,000 za mzigo, na boda kutoka stendi hadi nyumbani. Kizima kabisa, hakina hata mkwaruzo. Kwenye waya wake kulikuwa na kile kichwa cha kubadilisha plagi, miguu miwili bapa ikageuka mitatu ya kwetu, na hicho ndicho kilichonizuga. Kichwa kile hubadilisha umbo la miguu tu. Umeme unaopita ndani ni uleule.

Aliyeniuzia hana duka. Ni mama wa Kampala aliyekuwa anapunguza vitu vya nyumbani, akaweka picha nne mtandaoni. Nilimwandikia: "Shikamoo mama, kinafanya kazi?" Akajibu: "Marahaba. Vizuri sana nyabo, mimi mwenyewe nimeshonea watoto yunifomu." Nikalipa siku hiyohiyo, maana kulikuwa na wengine wanne wanaulizia, au ndivyo alivyosema.

Nilipompigia kumweleza habari ya volti, hakushtuka hata kidogo. "Kumbe huna transfoma?" Yeye anayo. Alikuwa akikitumia na transfoma ya kushusha umeme, na hakuiuza kwa sababu bado anapikia wali kwenye sufuria ya umeme ya Kijapani. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, kwa upole tu, "Lakini hukuniuliza."

Nililala na hasira. Nilipoamka niliona kwamba nusu ya hasira ile ilikuwa yangu mwenyewe, na nusu hiyo ndiyo ninayotaka kuiandikia.

Tukinunua kwa mtu binafsi tunadai kama tuko dukani. Kitu kisipotufaa, haraka tunaandika "nirudishie pesa yangu", tena kwa herufi kubwa. Mwenye duka ana kaunta, ana risiti, ana vingine kumi stoo na pesa ya jana kwenye droo. Huyu mama alikuwa na cherehani kimoja, na alikiuza kwa sababu muhula ulikuwa unafunguliwa. Pesa yangu iliingia kwenye simu yake Ijumaa, Jumatatu ikawa karo. Kumwambia arudishe Jumanne ni kumwambia akakope. Simtetei, maana alijua vizuri kwamba mtu wa Arua hana transfoma kabatini, na kunyamaza kwake kulikuwa na faida. Ila hakudanganya. Nilichouliza alinijibu.

Ndiyo maana siku hizi kipimo changu ni kimoja: uliuliza nini kabla ya kulipa? Kama niliuliza na jibu likawa la uongo, muuzaji abebe kila kitu, pesa yangu na nauli ya mzigo kwenda na kurudi, hata kama ameshalipa karo. Kama sikuuliza na yeye hakujua, mzigo ni wangu. Pale ambapo sikuuliza na yeye alijua, kama hapa, tugawane hasara.

Sheria nayo haiko mbali sana na hapo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Ndiyo kusema, alichokuandikia muuzaji kina uzito, na wahenga waliosema mali bila daftari hupotea bila habari wangefurahi kuona daftari letu la leo ni WhatsApp. Usifute mazungumzo. Kuna pia utaratibu wa madai madogo mahakamani, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, ambao hauhitaji wakili: unaanza kwa kumpa mdaiwa notisi ya maandishi, akikaa kimya unakwenda kufungua dai. Ni jambo jema. Lakini kwa 350,000 za mama wa karo, nani ana moyo huo? Na mwenyekiti wa LC1, lile baraza la mtaa, huko kwake hata hanijui.

Halafu kuna hesabu ndogondogo ambazo watu huzisahau wanaposema "rudisha tu". Mzigo kurudi Kampala, 15,000 nyingine. Boda huku, boda kule. Pesa ikirudi kwa simu, kuna ada ya kutuma, kuna ada ya kutoa, na serikali inachukua kodi yake ya asilimia 0.5 kila unapotoa. Kwa 350,000 hiyo peke yake ni 1,750. Cherehani kingekuwa kimesafiri mara mbili kuvuka Nile pale Karuma, na wa kwanza kushukuru angekuwa mwenye basi. Tulikubaliana anitumie 100,000 kwa awamu mbili, na ya kutolea juu yake, nami nibaki na mashine. Ya kwanza alituma wiki ileile. Ya pili ilichelewa mwezi mzima, lakini ilifika.

Wanunuzi nao si malaika, naomba tusijidanganye. Mwaka juzi niliuza gomesi, lile vazi refu la heshima la wanawake wa huku, ya hariri, rangi ya zambarau, niliyoivaa mara moja tu kwenye kwanjula ya binamu yangu, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Dada mmoja aliichukua Alhamisi. Jumatatu akaniandikia kwamba haimkai mabegani, anaomba kuirudisha. Nikasema sawa, mambo ya mabega hayajadiliwi. Iliporudi niliikunjua kitandani: inanuka moshi wa kuni na pilau, na ndani ya ule mkanda mpana wa kiunoni mlikuwa na kijiti cha meno na bahasha ya mchango, tupu, imekunjwa vizuri. Mabega yalikuwa yamekaa vyema kutwa nzima ya Jumamosi! Nilimrudishia pesa nusu, nikampelekea na picha ya bahasha. Hakujibu mpaka leo.

Kwa hiyo nami nimebadilika. Siulizi tena "kinafanya kazi?", maana karibu kila kitu hufanya kazi mahali fulani. Nasema nataka kukifanyia nini na wapi: "Mama, nataka kushona mapazia mazito, niko Arua, naunganisha moja kwa moja ukutani, kuna kitu kingine nitakachohitaji?" Swali la namna hiyo halimwachii mtu mlango wa "hukuniuliza". Naomba picha ya kibati, si picha ya kitu kikiwa kimepambwa na maua. Kitu kikubwa cha Kampala namtuma mdogo wangu akakione kikiwaka, ndipo pesa itoke. Na kabla ya kulipa nauliza waziwazi kabisa: kisiponifaa, tunafanyaje, na nauli ya nani? Wapo wanaokasirika kuulizwa. Kwa hao sinunui.

Cherehani bado kipo, kimefunikwa kanga juu ya meza. Bei ya transfoma inayokifaa ilinitoa macho, kwa hiyo nimeamua kukiuza. Picha ya kwanza kwenye tangazo ni kibati, nimeikuza hadi 100V imejaa skrini nzima. Chini yake nimeandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwamba hakitumiki bila transfoma, na kwamba transfoma haimo kwenye bei. Ujumbe wa kwanza uliingia kabla sijaweka simu chini.

"Bei ya mwisho?"

Nimemjibu: "Kaka, umeona picha ya kwanza?" Tiki mbili za bluu. Bado nasubiri.