Usafi wa ndege usisubiri Dar es Salaam

Ndege ilitoka Kigoma, ikatua Tabora kutuchukua sisi wa kwenda Dar es Salaam. Kiti changu cha dirishani nilikikuta kimelowa mawese. Kidumu cha abiria mmoja, kilichozibwa kwa nailoni chini ya mfuniko, kilikuwa kimevuja kwenye kabati la juu, mafuta yakatiririka ukutani hadi kwenye kitambaa. Mhudumu alikuja na tishu na chupa ya maji, akapiga magoti kusugua. Kwenye mfuko wa kiti cha mbele mlikuwa na maganda ya karanga. Kadi ya maelekezo ya usalama haikuwamo.

Nilipowasimulia wenzangu, wengi walinijibu kwamba huku ndege inashusha na kupakia tu, usafi ni wa Dar.

Hoja yao ina uzito. Ndege ya pangaboi ikitua huku haikai sana, na kila dakika ya ziada inaivuruga ratiba ya safari zinazofuata. Kusafisha ndege nako kuna masharti yake. Jiki, ambayo kila nyumba inaiamini, inakula alumini, ndiyo maana watengenezaji wa ndege huelekeza dawa zipi zitumike. Msafishaji lazima achunguzwe na apewe kitambulisho, kwa kuwa anaingia mahali ambapo kitu cha hatari kinaweza kufichwa. Kuosha zulia na kuvua vitambaa vya viti ni kazi za usiku, ndege ikiwa imelala kwenye kituo chake kikuu. Na kununua gari la kunyonya choo kwa ajili ya uwanja unaopokea ndege chache ni kuzika fedha. Hapo tuko pamoja.

Tunapoachana ni kwenye matapishi. Mtoto akitapika ndege ikiwa juu ya Kaliua, uchafu ule hauwezi kungoja usiku. Unataka glavu, kitu cha kunyonya majimaji, mfuko unaofungika, na dawa ya kuua vijidudu ambayo huachwa ifanye kazi kabla ya kufutwa. Ukanda wetu hauhitaji kufundishwa hatari hii: mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, mkoani Kigoma, miongoni mwa wakimbizi waliotoka Burundi. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 nazo zinataka vyombo vya usafiri visiwe na vyanzo vya maambukizi, na hazisemi usafi huo ungoje kituo cha mwisho.

Hatuhitaji kampuni nzima ya usafi Kigoma au Tabora. Vijana wawili watatu kati ya wanaopakia mizigo, ambao tayari wana vitambulisho, wafundishwe na walipwe kwa kazi hiyo ya ziada. Dawa iliyoidhinishwa iletwe na ndege yenyewe, pamoja na akiba ya kadi za usalama na mifuko ya kutapikia. Wapite kila mfuko wa kiti, wafute meza, watazame choo, washuke. Na kaunta ya mizigo ikikuta kidumu kilichozibwa kwa nailoni, ikikatae pale pale, hata kama mwenyewe analalamika.

Bila hivyo, kazi yote inamwangukia mhudumu. Yule wa siku ile alimaliza kusugua kiti changu, akaenda kunawa haraka, na tulipokuwa hewani ni yeye aliyekuja kutugawia korosho.