Fundi wa dhahabu Kanazawa, fundi wa sufuria Masasi

Kila mara kuna ndugu kutoka nyumbani ananitumia picha ya bakuli la Kijapani lenye mistari ya dhahabu, chini pameandikwa eti hata moyo uliovunjika hung'aa. Mimi naishi Kanazawa, mji wa Japani, na kusema kweli picha hizo zimenichosha. Kintsugi, yaani huo ufundi wa kuunga vyombo vilivyovunjika na kupamba nyufa kwa dhahabu, ni kazi ya mikono, tena yenye sumu.

Gundi yake ni urushi, utomvu wa mti ulio jamii moja na mkorosho na mwembe. Ukikugusa ungali mbichi, ngozi inawasha na kuvimba. Wabanguaji wa korosho kwetu Masasi wanaijua adha hiyo bila kuelezwa. Mti hukuzwa miaka 10 hadi 15, hugemwa msimu mmoja, hutoa kama mililita 200 tu, kisha hukatwa. Fundi huchanganya utomvu huo na unga wa ngano, huunganisha vigae, halafu hukiweka chombo kwenye kabati lenye unyevunyevu, maana urushi haigandi kwa jua, huganda kwa unyevu. Nyufa hujazwa, husuguliwa, hupakwa tena. Dhahabu wanayoipiga picha ni unga tu, hunyunyizwa mwishoni. Kikombe kimoja kinaweza kula miezi, na mwenyewe hapigi simu kuulizia.

Lakini tusidanganyane: majirani zangu bakuli likivunjika hulitoa siku ya taka zisizochomwa. Kintsugi ni ya kikombe cha chai alichoacha babu, au cha bei mbaya. Kwa kutengeneza vitu sisi tunawashinda mbali! Sufuria inazibwa, ndala inashonwa, redio inafunguliwa mara ya tano. Tunachokosa ni heshima kwa fundi. Hapa akitaja bei, mteja anainama na kushukuru. Kwetu, huyohuyo aliyenitumia picha ya dhahabu atamwambia fundi viatu, "Buku tu bwana, kazi yenyewe ndogo," kisha atataka kiraka kisionekane.

Shemeji yangu anauliza kama biashara hii inawezekana nyumbani. Malighafi ipo. Japani hutengeneza kutokana na mafuta ya maganda ya korosho rangi ya bei nafuu inayotumika badala ya urushi, ingawa korosho zetu nyingi huondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam. Unyevu, pwani yote ya Lindi inao. Mteja wa kungoja miezi miwili na kulipa bila kuvutana ndiye sijui tutamtoa wapi.